Kuhe wa Usiku

Silvana aliporudi kitandani, miguu yake ilikuwa imelowa.

"Umetoka wapi?" Abeli akauliza.

"Chooni. Njia nzima umande."

Abeli hakumhoji zaidi. Alikuwa na lake. Tangu walale alikuwa akijigeuza huku na huku, na kila alipofumba macho alimwona yule kijana wa Milanzi amekaa kwenye gati la zamani, mshipi mkononi, akimsubiri samaki ambaye hatakuja.

Na kisa chote alikianzisha mwenyewe. Jana mchana Kasmir alikuja Kasanga na mshenga wake kumposa Gaudiosa. Kumkataa waziwazi Abeli aliona haya. Kijana ana adabu, ana shamba la mahindi na ulezi, na paroko wake alimwandikia barua nzuri. Lakini Gaudiosa ndiye mtoto wao pekee, na Milanzi ni kule juu Sumbawanga, kwenye baridi, mbali na ziwa. Ndipo Abeli akasema mbele ya watu wote: anayemtaka binti yangu aniletee kuhe mmoja, aliyemvua kwa ndoano yake mwenyewe, kati ya jua kuzama na jua kuchomoza. Akimkosa, arudi kwao.

Wajomba wa binti wakakohoa. Kasanga nzima inajua kwamba kuhe hali chambo usiku. Mtoto wa chekechea anajua. Lakini Kasmir, aliyekulia kwenye jembe, aliuliza kwa heshima kabisa:

"Mmoja tu, baba?"

"Mmoja tu."

"Na asipompata asinisumbue tena," Silvana akadakia kutoka uani, alikokuwa akiwatia chumvi samaki wa kupeleka mnadani. "Mwanangu hapelekwi kwenye baridi!"

Sasa ilikuwa saa tisa ya usiku. Chumba cha pili Gaudiosa alikuwa bado akinong'ona rozari. Hakuwa amekula tangu mchana, wala hakuwa amemsemesha baba yake. Abeli aliusikiliza mnong'ono ule hadi moyo ukamuuma. Neno alilolitoa mbele ya wajomba hakuweza kulimeza. Akainuka, akapapasa juu ya kabati, akachukua kisu.

Silvana akaketi ghafla. "Unakwenda wapi na kisu?"

"Ziwani."

"Baba Gaude, mwache mtoto wa watu."

"Lala."

"Usiuguse mshipi wake! Nakuomba, usiuguse kabisa!"

Abeli akatoka.

Mtumbwi wake ulikuwa pale pale alipouacha, na gunia bichi aliloliweka jioni lilikuwa bado mbele, limefungwa kamba. Akausukuma majini, akapiga kafi polepole, taa za bandari zikimulika maji upande wa kushoto. Miaka thelathini alikuwa mvuvi, na hakuwahi kuugusa mshipi wa mtu mwingine. Ziwani hilo ni jambo la aibu kuliko wizi wa kuku.

Kasmir alikuwa amelala. Aliegemea nguzo ya gati, koti lake zito la Ufipa limefungwa zipu hadi kidevuni, mshipi umezungushwa mara tatu kwenye kifundo cha mkono ili asije akaupoteza. Midomo ilikuwa wazi kama ya mtoto. Abeli aliingia chini ya gati, akakiweka kisu mapajani na kuushika mshipi. Akauvuta kidogo.

Ulikuwa mzito.

Kuhe, usiku huu? Akavuta tena, pima kwa pima, mpaka samaki akatokeza kwenye mwanga wa taa: kuhe kweli, mkubwa, wa manjano. Hakurusha mkia. Hakutikisika hata kidogo. Abeli akampapasa tumboni, vidole vikazama ndani. Alikuwa amepasuliwa kutoka kooni hadi mkiani, matumbo yametolewa, na ndani amesuguliwa chumvi nyingi, ile chumvi ya mkono mzito ambayo Abeli ameila kwa miaka ishirini na sita.

"Mama Gaude," akanong'ona gizani, "kuhe gani anameza ndoano akiwa ameshatiwa chumvi?"

Akamchomoa yule samaki, akamlaza chini ya miguu yake. Kisha akakata kamba ya gunia, akamtoa kuhe aliyemvua jioni, ambaye tumbo lake halijaguswa, akamtundika vizuri kwenye ndoano ya kijana, na akauvuta mshipi mara mbili, kwa nguvu, kama kuhe anavyovuta mchana.