Mkazi Halisi wa Mto

Sheria ya uvuvi mtoni ilibadilika asubuhi moja, kabla wenye mto hawajanawa uso. Kenge, mkaguzi mpya, alitangaza kwamba mkazi atavua kutwa, lakini mgeni mwisho wake ni jua la utosi. Na mkazi atatambuliwa kwa nyayo zake kwenye tope la ukingoni.

Mdiria alizaliwa katika tundu la ukingo huo huo, na sasa alikuwa na makinda watano humo, wasiojua kushiba. Lakini yeye huvua kwa kuruka na kupiga mbizi. Tope hajalikanyaga hata siku moja. Yangeyange wa miguu mirefu, aliyefika jana, alikuwa ameshalitembea lote.

"Huyu mkazi," Kenge alisema adhuhuri, akimwonyesha Yangeyange. "Wewe, mama, mgeni. Na jua hilo limeshafika utosini."

"Bwana mkaguzi, wanangu hawajala."

"Sheria haina makinda."

Macho ya Mdiria yalihangaika huku na huku, mpaka yakatua nyuma ya Kenge. "Na nyayo zako ziko wapi, bwana?"

Kenge aligeuka. Mkia wake mzito ulikuwa umefuta kila alipokanyaga.

"Kumbe na mkaguzi kaja jana kama mimi," alisema Yangeyange.

Kenge akakohoa. "Nilikuwa sijamaliza kusoma sheria. Ni nyayo, au alama ya mkia."

"Ahsante, mzee wangu," alisema Mdiria. Akateremka, akaburuza kimkia chake topeni mara moja, akaenda kuwavulia wanawe.