Gemu ya Vitufe Viwili

Gemu ilikuwa ikilia pi, pi, pi mikononi mwa mtoto wa Jovita wakati shemeji yake Jovita alipokuwa akipanda mlamula, mti wa mpaka, katikati ya kibanja cha migomba cha marehemu kaka yake. Wazee wa ukoo walisimama wakitazama.

"Mrithi mwenyewe hata hainui macho," Jovita alisema. "Ndiyo maana ukamletea hiyo gemu leo!"

"Mwache acheze, maskini," shemeji alijibu. " Ile kubwa ya mwanangu ingemchanganya. Hii ni rahisi, ina vitufe viwili tu. Ndiyo inayomfaa mtoto wa miaka mitano."

"Kinachomfaa ni migomba ya baba yake!"

Wazee walikohoa. Mwanamke hasemi juu ya mipaka ya ukoo, na shemeji alilijua hilo kuliko wote. Akaushindilia udongo kwa kisigino, polepole, kama mtu aliyekwisha kushiba.

Jovita alimpokonya mtoto ile gemu akaivurumisha. Ikaangukia shinani pa mlamula, ikaendelea kulia.

Mtoto aliangua kilio, akaikimbilia. Alipoinama kuiokota, kilio kikamkatika. Akaushika ule mti kwa kiganja, kama alivyofundishwa na baba yake, ambaye kabla ya ugonjwa kummaliza alimzungusha kibanja kizima, mlamula kwa mlamula.

"Baba mdogo," alisema, kamasi zikimchuruzika, "huu umeupanda siyo kwake. Wetu uko kule chini, kwenye ile mibuni mitatu."

Gemu ikanyamaza.

"Chukua jembe," mzee mmoja akamwambia shemeji. "Mtoto, tangulia."