Bangili ya Matroni

Tangu sheria iamuru kila matroni avae bangili inayomletea mwilini yale wanayoyahisi wauguzi wake, wodi ya Matroni Nambua haijapokea hata barua moja ya kuacha kazi. Miguu ikimwaka moto, anajua kuna muuguzi hajakaa tangu asubuhi. Humpumzisha, akashika zamu mwenyewe. Wagonjwa nao hawaiti mara mbili.

Jumapili moja mumewe alikuwa akikaanga vitunguu. Ghafla harufu ikamchefua Nambua, akakimbilia uani kutapika.

“Mama Subira, miaka hamsini na tisa hii, tena?” mumewe akamtania.

Nambua akaitazama bangili, akapiga kigelegele hadi majirani wakachungulia. “Si mimi, Baba Subira! Ni mmoja wa wasichana wangu! Nimezaa mara nne, kichefuchefu hiki nakijua.”

“Yupi?”

Bangili haitaji jina.

Kesho yake wauguzi wote kumi na wawili walimwamkia kwa bashasha, na kwa jinsi walivyocheka, mwenyewe alikuwa hajajua bado.

“Shikamoo, Matroni!”

“Marahaba, wanangu,” aliitikia, mkono wenye bangili ameuficha mfukoni.