Kila Mtu Huandika Haraka

Karatasi ilikuwa inatoka kwenye printa mstari kwa mstari, na Vumilia alitamani irudi ndani.

"Matimba niliyowaletea juzi yameliwa na mchwa. Hayawezi kushikilia kuta. Msishushe mtu shimoni."

Ilikuwa barua pepe ya muuza mbao wa Mwanza, aliyewauzia wachimbaji matimba, yale magogo ya kuegemeza kuta za shimo. Tangu asubuhi Vumilia alikuwa ameiona kwenye foleni ya barua zinazongoja kufunguliwa, kichwa chake kimeandikwa HARAKA, akaipita. Nani Geita hii haandiki HARAKA? Laini ya simu ya kuvutia mtandao pale ofisini ilikuwa moja, na amri ya tajiri ilikuwa moja: bei za wanunuzi wa dhahabu zivutwe kwanza, barua za wachimbaji zingoje hadi saa nane mchana, ndiyo saa hii.

Ng'ambo ya kaunta, mama anayewapikia wachimbaji wa shimo hilo alikuwa bado ameketi kwenye benchi. Alikuja asubuhi kuulizia barua yao, naye Vumilia akamjibu kwamba hakuna kitu.

"Ndiyo yetu hiyo, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Kimbia ukawaambie wasishuke. Matimba ni mabovu."

Yule mama aliinuka, khanga ikamdondoka begani, asiiokote. Alipofika mlangoni akasimama.

"Zamu yao hushuka saa sita, wameshashuka," alisema. "Hiyo barua imeingia saa ngapi?"

Saa ilikuwa imechapwa juu kabisa ya karatasi: mbili na dakika nne asubuhi. Vumilia aliifunika kwa kidole gumba.

Mama akarudi kaunta, akanyoosha mkono apewe.