Shabu ya Harusini

Ndoo ilipofunuliwa, wanawake waliokuja kupika wakasogea kuchungulia. Maji ya kisima cha Zuena yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, kwa majani yaliyooza miaka na miaka kwenye kinamasi cha jirani.

"Leteni maandazi basi!" mmoja akatania, wanawake wakaangua kicheko.

Shangazi wa bwana harusi hakucheka. "Mkwe, pilau la mwanetu halipikwi kwa maji haya. Shughuli tunaihamishia kwetu Bungu."

Zuena aliiona harusi ya binti yake wa pekee ikimtoka mlangoni. Akafungua pindo la khanga, akatoa kipande cha shabu, kile kijiwe cheupe cha kukata jasho.

"Shoga, hiyo si ya kwapani?" jirani yake akamuuliza.

"Leo ya ndooni."

Akakizungusha majini, akaacha yatulie. Vichwa vikainama. Taratibu ule wekundu ukagandana, ukawa mabonge mepesi kama pamba chafu, yakazama mpaka chini. Zuena akachovya mkono, na hina ya vidoleni ikaonekana waziwazi.

Vigelegele vikapasuka, kuku wakatimua mbio.

Shangazi akavua bangili, akakunja mikono ya dera. "Haya, sufuria kubwa iko wapi?"