Bunduki Haiitaji Pembe

Bunduki ilipogeuka kwenye kompyuta, Habuba Khemisa aliangusha ungo, kunde zikatawanyika uani.

Rabia alicheka. Muda mfupi kabla, bunduki hiyo ikiwa imelala ubavu kama michoro yote ya silaha inavyolazwa, Habuba, yaani bibi yake, aliikodolea macho akauliza ati ni samaki au ni kufuli la Kongo. Sasa Rabia aliizungusha kidogo kwa kidole, mdomo wa bunduki ukamwelekea bibi, na mwanamke aliyelea watoto tisa hapa Koboko akaruka kama aliyekanyaga nyoka.

"Ni ya gemu, Habuba. Ya majini na mashetani. Hakuna ya kweli."

Habuba alisema amesikia, akainama kuokota kunde moja moja.

Kazi ya Rabia, kule Arua, ilikuwa kuchora silaha za gemu ya simu. Alikuja kumwacha binti yake Nabila, aliyeachishwa ziwa juzi, alelewe na Habuba mpaka kazi itulie. Gari la kurudi lingeondoka adhuhuri, na kabla ya hapo mchoro ulitakiwa umfikie mkubwa wake, Dramadri.

Dramadri alikuwa ameurudisha mara tatu. Rabia aliipa bunduki ya majini pembe, akaipa meno, akaipa na mabawa, akainenepesha ikawa kama kinu. Dramadri akajibu kuwa inapendeza, ila haimtishi hata kuku. Yeye alitaka chuma kilichotumika: pale rangi ilipolika, pale kutu ilipojikalia. Rabia angejulia wapi? Bunduki alizoziona ni za walinzi wa benki, na hao huwapita mbali.

"Toa hiyo pembe," Habuba alisema ghafla. "Bunduki haiitaji pembe."

Rabia akazitoa.

"Na meno, toa. Hiyo shimo umefanya kubwa sana. Iko kadogo. Mutu hawezi amini vile iko kadogo."

Rabia akalipunguza tundu la mtutu. Habuba akasogeza kigoda karibu, akaanza kuelekeza kama anayemfundisha msichana kusuka mkeka. Ukingo wa tundu usiwe mweusi, rangi iwe imelika, chuma king'ae kama pete ya bibi harusi. Kile kijino cha juu, cha kulengea, kipinde kidogo, kama jino lililong'ata mfupa. Chini yake kuwe na mkwaruzo mmoja mrefu, na ndani ya mkwaruzo, kutu.

Mchoro ukaanza kutazama. Rabia alifurahi, kisha furaha ikapoa taratibu kama uji uliosahauliwa. Nyumba nyingi za Koboko zilitoa wanajeshi, lakini si hii. Babu alikuwa fundi cherehani. Habuba maisha yake yote alilima, akauza kunde, akawategea watoto vitendawili. Basi mambo haya ameyatoa wapi?

"Habuba, hii uliona wapi?"

"Mwaka ile ya vita, ya kukimbilia Kongo."

"Uliona tu, ikapita?"

"Nilikaa nayo asubuhi mpaka adhuhuri." Akapuliza makapi kwenye ungo. "Kitendawili."

Rabia hakutaka kitendawili, lakini mdomo umezoea. "Tega."

"Nyumba yangu iko na mlango moja. Mgeni akitoka, harudi kulala."

Jibu lilikuwa kwenye kioo cha kompyuta, limemkazia Rabia jicho.

Nabila alikuwa ametambaa mpaka miguuni kwa Habuba. Alikikamata kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia, akakitia mdomoni, akakinyonya kwa raha zote. Rabia alikitazama kile kidole. Kilikuwa kimekomaa, kimekunjika kidogo kwenye kiungo. Ndicho kidole cha kufyatulia.

"Iliua mutu?" Rabia aliuliza.

"Sita," Habuba alisema. "Siku ile moja. Nilihesabu."

Alisema hivyo, kisha akaendelea kuchambua kunde, mbovu huku, nzima huku.

Rabia akasimama. Alimnyakua mtoto, mtoto akalia akimnyooshea Habuba mikono. Akamfunga mgongoni, fundo la kitenge likamshinda mara mbili. Akadanganya kwamba mtoto ana joto, afadhali arudi naye Arua, kazi na ife kama ni ya kufa.

Habuba aliinuka, akampapasa mtoto shingoni kwa ule mkono, na Rabia akajivuta pembeni. Habuba akasema mtoto hana joto. Kisha akamtazama mjukuu wake usoni, akaona hofu iliyokuwa pale, akaurudisha mkono wake taratibu, akauficha ndani ya leso.

Rabia aliikwapua kompyuta. Sehemu ya mbele ya bunduki ilikuwa imekwisha, na hata yeye aliyeichora hakupenda kuitazama. Nyuma bado ilikuwa na mabawa ya majini. Alifika kwenye lango la matete akasimama. Hakuweza kuondoka na jambo hilo kifuani, wala hakuweza kulitamka. Akaigeuza bunduki upande wa pili, pale penye kitako na mahali pa kidole, akaielekeza kwa bibi yake.

"Na huku nyuma, Habuba? Mahali ya kuvuta. Ilikuwa namna gani?"

Habuba Khemisa alisogea, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, akatafuta kitu cha kumsaidia mjukuu wake, asikione.

"Huko sijui, mwanangu," alisema. "Sikuona huko. Mimi nilikuwa kwa mstari, namba saba."