Mbuzi wa Sadaka

Mbuzi alikula mbegu za ufuta. Akala mkeka. Jana akala pazia, na Rozalia, aliyemlea kwa chupa tangu mama yake alipokufa, akasema sasa basi! Leo akampeleka kanisani, akamtoa sadaka ya mavuno.

Baada ya Misa, sadaka zikanadiwa nje ya kanisa. Mwenye bucha kutoka Nachingwea mjini akataja bei iliyowanyamazisha wote.

Mbuzi akamponyoka katekista, akapenya katikati ya waumini, akaanza kutafuna pindo la kitenge kipya cha Rozalia.

“Mshenzi mkubwa wewe! Hata hapa?” Rozalia akalivuta pindo. Lilikuwa limelowa mate.

“Mara ya kwanza!” katekista alinadi. “Mara ya pili…”

Rozalia akasonya, akanyoosha mkono juu.